Namna ya Kumuenzi Profesa wa Uhandisi Aliyefariki: Mwongozo kwa Wanafunzi na Wenzake

Profesa wa uhandisi anapofariki dunia, idara yake hutoa taarifa ya msiba katika siku moja au mbili, na mara nyingi taarifa hiyo husema kwamba marehemu alikuwa mchapakazi, mnyenyekevu na mlezi wa vijana, maneno yanayoweza kuhamishiwa kwenye msiba wa mtu mwingine yeyote pasipo kubadilisha chochote isipokuwa jina. Huenda sifa hizo zote ni za kweli, lakini hazimwelezi mtu aliyetumia umri wake kufundisha jinsi boriti inavyopinda chini ya mzigo au jinsi mashine ya umeme inavyodhibitiwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule aliyekabidhiwa, au aliyejitwika mwenyewe, jukumu la kumkumbuka mwalimu wa namna hiyo: mwanafunzi wake wa zamani, mhadhiri mwenzake, au katibu wa chama cha wahandisi. Msimamo wangu ni kwamba profesa wa uhandisi huenziwa ipasavyo pale kazi yake inapoelezwa kwa usahihi na kuachwa mahali ambapo mtu mwingine ataweza kuitumia. Mengine yote, pamoja na picha kubwa ya ukutani, yafuate baada ya hayo.

Wafiwa kwanza, kisha ofisi

Usitangaze chochote kabla familia haijatangaza yenyewe. Iombe familia iteue mtu mmoja wa kuwasiliana na idara, kisha mkubaliane naye kwa maandishi kuhusu jina kamili na vyeo vitakavyotumika, kiasi kinachoweza kusemwa kuhusu ugonjwa au ajali iliyomchukua, picha itakayotolewa, na nani mwenye kauli juu ya vitabu na karatasi zake. Suala hili la mwisho huonekana kama la kuharakishwa mno katikati ya msiba, na watu wengi huliahirisha kwa heshima. Basi liulizwe kwa upole, likiambatana na ahadi kwamba hakuna kitu kitakachoguswa hadi familia itakapokuwa tayari. Sababu ya kutolinyamazia ni kwamba ofisi ya chuo haikai tupu kwa muda mrefu. Mhadhiri mwingine ataihitaji, wafanyakazi watatumwa kuondoa makabati, na nyaraka zilizokusanywa kwa miongo kadhaa zitaishia jalalani kwa kuwa hakuna aliyesema zisitupwe. Mwandikie mkuu wa idara barua fupi ukiomba ofisi na sehemu yake ya maabara zifungwe kwa muda utakaoutaja, na ukiomba pia kwamba akaunti yake isifutwe wala kompyuta yake isigawiwe mtu mwingine kabla data zilizomo hazijanakiliwa mahali salama.

Mkisharuhusiwa kuingia, ingieni watu wawili au zaidi, mmoja wao akiwa mwakilishi wa familia, na mpige picha kila rafu na kila droo kabla ya kuhamisha chochote, kwa maana jinsi mtu alivyopanga makaratasi yake hueleza kazi ipi ilihusiana na ipi. Tafuteni madaftari ya maabara, michoro, maswali ya mitihani aliyoyatunga, barua alizoandikiana na wahariri wa majarida, nakala za tasnifu alizojaza maoni pembeni, sampuli za vifaa, na zana alizotengeneza kwa mikono yake. Tengeni mapema yale yasiyopaswa kuonekana na umma: alama na karatasi za mitihani za wanafunzi, barua za faragha, na ripoti za ushauri wa kitaalamu ambazo wateja walilipia kwa masharti ya usiri. Baadhi ya vitu ni mali ya chuo na vingine ni mali ya familia, na ni heri mgawanyo huo ukafanywa na watu walioketi pamoja kuliko kufanywa na yule aliyewahi kubeba sanduku.

Kazi ngumu zaidi katika hatua hii ni kuhakikisha kwamba kilichohifadhiwa kitaeleweka. Tuseme mmekuta ukurasa wa daftari la maabara ulioandikwa tarehe, kisha safu mbili za namba, na katika mstari mmoja imeandikwa 40 upande wa kushoto na 12 upande wa kulia, pasipo vizio. Fundi wa maabara aliyekuwa akisoma vipimo siku hiyo anajua kwamba 40 ni mzigo kwa kilonyutoni, na kwamba 12 ni idadi ya vigawanyo kwenye geji ya mshale ambayo kila kigawanyo chake ni milimita 0.01, yaani boriti ilishuka milimita 0.12 tu. Asiyejua hilo atasoma milimita 12 na kudhani kwamba boriti ilikuwa imevunjika. Fundi huyo akistaafu au akihamia kwingine, ukurasa mzima unabaki namba zisizo na maana. Kwa hiyo kaeni naye mapema, daftari kwa daftari, na maelezo yake yaandikwe kwenye karatasi tofauti, si ndani ya daftari lenyewe. Vivyo hivyo kwa programu za kompyuta alizoziandika marehemu: hifadhini msimbo pamoja na jina na toleo la lugha iliyotumika, mfano mmoja wa data za kuingiza, na majibu yaliyotarajiwa kutokana na data hizo, ili atakayeifufua programu miaka mingi baadaye ajue kama inafanya kazi sawasawa.

Inawezekana kabisa kuifanya kazi hii vizuri. Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta aliyefariki mwaka 2002, aliacha maandishi zaidi ya 1,300 aliyoyapa namba yeye mwenyewe, mengi yakiwa ya mkono, na Chuo Kikuu cha Texas huko Austin kimeyaweka kwenye mtandao ili yeyote ayasome. Madaftari ya maabara ya Harold Edgerton, profesa wa chuo cha teknolojia cha Massachusetts (MIT) nchini Marekani, ambaye alitumia mwanga wa kumweka kupiga picha za risasi zikiwa hewani, nayo yamenakiliwa kidijitali. Ninyi mnaweza kuanza na kitu kidogo zaidi, yaani orodha inayoonyesha kila daftari, tarehe ya kwanza na ya mwisho iliyomo, na jambo lililokuwa likichunguzwa. Orodha hiyo pekee inatosha kumshawishi mkutubi apokee mkusanyiko, kwa sababu maktaba nyingi hukwepa masanduku ambayo hakuna anayejua yana nini.

Kuna kundi moja ambalo haliwezi kusubiri orodha wala maktaba, nalo ni wanafunzi aliowaacha katikati ya utafiti. Chuo kiwateulie msimamizi mpya haraka, na kamati ya kumbukumbu iwasaidie kupata data na rasimu zilizokuwa mikononi mwa marehemu. Makala zilizokuwa zikiandaliwa kwa pamoja zichapishwe zikiwa na jina lake endapo alishiriki kweli katika kazi hiyo, pamoja na tanbihi inayotaja kwamba amefariki, huku mwandishi aliye hai akichukua dhamana ya kujibu hoja za wahakiki. Kumwongeza kwenye makala ambayo hakuwahi kuiona si heshima hata kidogo, kwani ni kumsemesha asichokisema wakati hawezi kukana.

Tazia inayoeleza kazi

Unapoandika tazia, yaani makala ya kumkumbuka marehemu, anza kwa kuhakiki mambo ya msingi, na usitegemee wasifu mmoja. Mwaka wa kuwasilisha tasnifu na mwaka wa kutunukiwa shahada mara nyingi hutofautiana. Tarehe ya kupandishwa cheo iliyo kwenye barua ya uteuzi yaweza kuwa tofauti na ile aliyoikumbuka yeye mwenyewe. Na jina la idara huenda limebadilika mara kadhaa tangu alipoajiriwa. Linganisha wasifu wake na ukurasa wa mbele wa tasnifu, na barua za uteuzi, na kumbukumbu za chama cha wahandisi alichosajiliwa. Jihadhari zaidi na madai ya kuwa mtu wa kwanza, awe wa kwanza kupata shahada fulani au wa kwanza kubuni kifaa fulani, kwa sababu madai hayo hupendwa sana misibani na ndiyo yanayoongoza kwa kukanushwa baadaye. Pasipokuwa na ushahidi, sema alikuwa miongoni mwa wa mwanzo, au acha kabisa.

Baada ya hapo chagua jambo moja, au mawili yakizidi sana, katika kazi yake ya kitaalamu, na ulieleze hadi msomaji asiye mhandisi alielewe. Hapa ndipo tazia nyingi hushindwa, kwa kuwa mwandishi huorodhesha idadi ya machapisho na majina ya kamati akidhani kwamba wingi unajieleza. Njia ninayoipendekeza ni kueleza tatizo lilivyokuwa kabla yake, kisha alichokifanya, kisha kile ambacho watu wanafanya leo kwa sababu hiyo. Chukua mfano wa Karl Terzaghi, aliyezaliwa mwaka 1883 na kufariki mwaka 1963. Ni rahisi kuandika kwamba alikuwa baba wa mekanika ya udongo, na sentensi hiyo ni ya haki, lakini haimpi msomaji chochote cha kushika. Linganisha na maelezo haya: alipokuwa akifundisha Istanbul, akitumia vifaa ambavyo vingi alivibuni mwenyewe, Terzaghi alionyesha kwamba udongo wa mfinyanzi uliojaa maji unapobebeshwa jengo, mzigo hupokelewa kwanza na maji yaliyo katika vinyweleo vyake, maji hayo yanapobanwa nje polepole, mzigo huhamia kwenye chembe za udongo zenyewe, nazo husogeleana, na ndiyo maana jengo laweza kuendelea kuzama kwa miaka mingi baada ya kukamilika. Alichapisha kitabu chake kuhusu jambo hilo mwaka 1925, na tangu hapo mhandisi anaweza kukokotoa ni kiasi gani jengo litazama na kwa muda gani. Msomaji aliyefika mwisho wa maelezo hayo ameelewa kwa nini mtu huyo anaombolezwa na wahandisi.

Usione haya kusema kwamba njia aliyoibuni marehemu imepitwa na wakati. Mwaka 1930 mhandisi wa Marekani Hardy Cross alichapisha makala ya kurasa 10 iliyowaonyesha wahandisi namna ya kukokotoa fremu za majengo ambazo nguzo na boriti zake zimeungwa kuwa kitu kimoja, kwa penseli na karatasi, kwa kusahihisha makadirio hatua kwa hatua hadi kosa liwe dogo lisilo na madhara. Njia hiyo ilitawala ofisi za usanifu kwa miongo kadhaa hadi kompyuta zilipoiondoa. Kutaja kwamba iliondolewa hakumpunguzii Cross hadhi, na badala yake humsaidia msomaji kuona urefu wa kipindi ambacho majengo yalisimama kwa hesabu hizo.

Kwa profesa ambaye hakuwa na jina la kimataifa, njia ni ileile. Mahali ambapo rasimu inasema, «Alitoa mchango mkubwa katika uhandisi wa miundo,» andika kitu cha namna hii, ambacho hapa ni mfano wa kubuni: «Wakaguzi wa madaraja ya zege walikuwa wakisubiri hadi zege libanduke ndipo wajue kwamba nondo zimeliwa na kutu. Yeye na wanafunzi wake walipima volti kati ya nondo na elektrodi iliyogusishwa juu ya zege, wakalinganisha vipimo hivyo na hali halisi ya nondo baada ya kuzifukua, kisha wakaandaa jedwali linalomwelekeza mkaguzi aanze kufukua wapi.» Kabla ya kuchapisha, wape rasimu wasomaji wawili: mtaalamu wa fani hiyohiyo, ambaye atakuonyesha ulipotia chumvi, na mtu wa familia asiye mhandisi, ambaye atakuonyesha ulipopoteana na msomaji.

Kuhusu tabia yake, jambo dogo lenye ushahidi hushinda kivumishi. Ukiandika kwamba alirudisha kila ripoti ya maabara ambayo haikutaja ukubwa wa kosa la kipimo, hata ikiwa imeandikwa kwa ustadi, umesema juu ya ukali wake na juu ya uadilifu wake kwa pamoja, na waliorudishiwa ripoti watatabasamu. Ukali usifichwe. Ikiwa kuna malalamiko mazito ambayo chuo kiliyachunguza au kinayachunguza, hilo si suala la mwandishi wa tazia kuliamua peke yake. Wasiliana na uongozi, na kwa vyovyote usiandike sifa ambazo waliolalamika watazisoma kama tusi.

Kwa anayetaka vielelezo, Chuo cha Kitaifa cha Uhandisi cha Marekani kimekuwa kikichapisha tangu mwaka 1979 mfululizo wa tazia za wanachama wake, zilizoandikwa na watu waliofanya nao kazi. Nyingi ni fupi, na si zote nzuri, lakini kuzisoma kadhaa kwa mfululizo kunafundisha upesi tofauti kati ya ile inayoorodhesha na ile inayoeleza.

Kukusanya kumbukumbu za watu

Ukimwandikia mtu, «Tafadhali tutumie kumbukumbu zako kuhusu marehemu,» utapata mistari mitatu ya rambirambi, kwa kuwa swali lenyewe ni pana kupita kiasi. Uliza mambo yanayoweza kujibiwa: ni swali gani alilolirudia kila mara wakati wa utetezi wa tasnifu, alichora nini ubaoni alipokuwa akieleza mada iliyowasumbua wengi, ni uamuzi gani uliufanya kwenye mradi kwa sababu ya jambo alilokufundisha, lini alikiri kwamba hajui, na alifanya nini baada ya hapo. Wafikieni pia mafundi wa maabara, makatibu muhtasi, wahandisi wa miradi waliomwita kutoa ushauri, na wanafunzi waliofeli somo lake wakalirudia, ambao mara nyingi wana ushuhuda mzito kuliko waliofaulu kirahisi. Mazungumzo yakirekodiwa, jina la msemaji na tarehe vitajwe mwanzoni mwa sauti yenyewe, na ridhaa ya kuchapisha ipatikane kwa maandishi. Hadithi mbili zinapopingana, usichague ile tamu. Rudi kwa walioshuhudia, na ikishindikana ziwekwe zote mbili kila moja na msemaji wake.

Sambamba na hayo andaeni jedwali la wanafunzi wote aliowasimamia, lenye mwaka, mada ya tasnifu na mahali nakala ilipo. Ni kazi ya kuchosha, lakini kwa profesa aliyechapisha kidogo na kufundisha sana, jedwali hilo ndilo ushahidi mkuu wa kazi yake.

Kikao, mhadhara na mfuko

Kikao cha kumbukumbu kiwe kifupi. Wasemaji watatu au wanne wanatosha, kila mmoja akipewa upande wake ili wasirudie mambo yaleyale: darasa, maabara, kazi za nje ya chuo, na nyumbani. Badala ya hotuba ya tano, ni afadhali kuendesha mbele ya watu jaribio alilokuwa akipenda kulionyesha. Chombo ambacho mhandisi Osborne Reynolds alikitumia Manchester, Uingereza, kwa majaribio aliyoyachapisha mwaka 1883, akipitisha uzi wa rangi katika maji yanayotiririka ndani ya bomba la kioo ili kuona ni wapi mtiririko unavurugika, kimehifadhiwa na chuo kikuu cha mji huo hadi leo, na mtu anayeiona rangi ikisambaa ghafla huelewa kazi ya Reynolds haraka kuliko atakavyoielewa kwa kusikiliza hotuba. Mkague chombo cha jaribio lenu siku kadhaa kabla, na awepo fundi anayekifahamu.

Suala la kuanzisha kitu chenye jina la marehemu lisiharakishwe. William Rankine, profesa wa Glasgow, alifariki mwaka 1872, na mhadhara wa kila mwaka wa wahandisi wa udongo na miamba wa Uingereza unaobeba jina lake ulitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1961. Hisia za mwezi wa kwanza huahidi makubwa ambayo mwaka wa tatu hauna fedha za kuyatimiza. Kabla ya kutangaza mfuko wa ufadhili, fanyeni hesabu: mtaji unaotoa asilimia 4 kwa mwaka bila kumomonyoka lazima uwe mara 25 ya ufadhili mnaotaka kuutoa kila mwaka. Ikiwa michango haifiki huko, semeni wazi tangu mwanzo kwamba mfuko utatumika wote katika miaka michache kisha ufungwe, jambo ambalo ni la heshima zaidi kuliko tuzo inayotolewa mara mbili na kusahaulika. Fedha zipitie idara ya fedha ya chuo au chama, zisipitie akaunti ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu kiasi gani, na masharti ya maandishi yataje nani anachagua wanufaika, nani anakagua hesabu, na nini kitafanyika iwapo fani iliyotajwa itaunganishwa na nyingine au kufutwa. Masharti yaliyobana mno, kwa mfano yanayodai utafiti juu ya aina moja ya turbini, hufanya mfuko ukose waombaji teknolojia inapobadilika.

Maandishi yake ya kufundishia

Wanafunzi wengi watapendekeza kuchapisha mihadhara yake, na pendekezo hilo linastahili kuungwa mkono, mradi awepo mhariri mmoja mwenye mamlaka na ridhaa ya wenye hakimiliki. Mifano yake ihifadhiwe kama alivyoitunga, hata ile yenye ucheshi wa zamani; marekebisho ya mhariri yaonekane kuwa ni ya mhariri; na makosa ya chapa yasahihishwe bila kelele. Sehemu inayohitaji tahadhari ya kipekee ni ile inayotumia viwango vya usanifu. Viwango hivi hurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa, vizidishi vya usalama hubadilika, na gredi ya zege au chuma iliyokuwa ikiitwa kwa jina fulani yaweza kuwa na maana nyingine katika toleo jipya. Mhandisi kijana anayemwamini profesa anaweza kuchukua thamani kutoka kwenye mhadhara wa zamani na kuitumia katika jengo la leo. Kwa hiyo kila mfano wa namna hiyo utaje kiwango kilichotumika na mwaka wa toleo lake, uwe na ilani kwamba thamani zake si za kusanifia, na mwanzoni mwa kitabu liwekwe jina la mhariri na anwani ya idara ambako msomaji atapeleka taarifa ya kosa atakaloliona.